Nimekosea seva, sasa prompti nayo inajiandikia juu: nifanye nini?

*"Nasimamia seva mbili za SACCOS yetu, zote Ubuntu. Moja ni ya majaribio, nyingine ndiyo inayowahudumia wanachama. Majina yake kamili ni hesabu.majaribio.lan na hesabu.kazi.lan, na amri ya `hostname` inayatoa hivyohivyo. Lakini nikiingia kwa SSH, zote mbili zinanionyesha `fundi@hesabu:~$`. Mwezi uliopita nilizima na kuwasha upya hifadhidata nikidhani niko kwenye majaribio, kumbe niko kwenye seva ya wanachama, mchana, watu wako dirishani. Nikaamua kuweka rangi nyekundu. Nilikuta mstari huu mtandaoni nikauweka mwisho wa faili la `.bashrc`:*

```
export PS1="\e[31m\u@\h:\w\$ \e[0m"
```

*Rangi imekuja, ila sasa nikiandika amri ndefu, maneno yanarudi mwanzo wa mstari uleule na kuifunika prompti. Nikibonyeza mshale wa juu kutafuta amri za nyuma, mabaki ya amri nyingine yanabaki kwenye skrini hata sijui nitatekeleza nini. Nikigeuka root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote ya seva, rangi inapotea kabisa. Mwenzangu kazini ananiambia niache kuchezea hilo faili, siku moja nitajifungia nje ya seva. Mwingine anasema nisakinishe Starship, programu ya kupamba prompti, yaishe. Nimsikilize nani?"*

Pole sana kwa mkasa wa hifadhidata. Nitafika kwenye rangi na kwenye mstari unaojifunika, lakini naona jambo zito zaidi umelipita haraka: seva mbili zenye majina tofauti zinajitambulisha kwako kwa jina moja. Kosa lako lilizaliwa hapo, na nyekundu peke yake isingelizuia. Kuhusu wenzako wawili, wa kwanza anaogopa kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakipo, na wa pili anakupa dawa ya ugonjwa mwingine.

Prompti, yaani yale maandishi yanayokusubiri kushoto kabla hujaandika amri, wengi hudhani ni mali ya terminali, lile dirisha jeusi kwenye laptopu. Siyo. Huandikwa na sheli, programu inayopokea na kutekeleza amri zako, na kwenye Ubuntu sheli hiyo kwa kawaida ni Bash; `.bashrc` ni faili la mipangilio ambalo Bash hulisoma inapoanza. Ukiingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, Bash inayokuandikia ni ile ya kule kwenye seva. Terminali yako inaonyesha tu inacholetewa. Ndiyo maana alama ya kutofautisha seva huwekwa kwenye seva yenyewe. Ukiiweka kwenye laptopu yako, siku utakayoingia kutoka mashine ya mtu mwingine, au utakaporuka kutoka seva moja kwenda nyingine ndani ya dirisha lilelile, haitakuwepo.

Umbo la prompti hutunzwa kwenye kigeu kiitwacho PS1. Ni utaratibu wa zamani. Sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979 ilikuwa na PS1, alama ya dola na nafasi tu, pamoja na PS2, ile alama ya `>` unayoiona mpaka leo ukiacha nukuu bila kuifunga. Bash, ambayo Brian Fox aliiandikia mradi wa GNU mwaka 1989, ina vifupisho vyake vinavyoanza na mkwaju wa nyuma: `\u` ni jina la mtumiaji, `\w` ni folda uliyomo, `\h` ni jina la mashine. Kila amri inapokwisha, Bash hukisoma upya kigeu hicho, hubadilisha vifupisho kuwa thamani za wakati huo, kisha huchapa.

Sasa itazame hiyo `\h` kwa makini. Haionyeshi jina lote la mashine. Huonyesha jina mpaka kwenye nukta ya kwanza, basi. hesabu.majaribio.lan hukatwa ikawa hesabu. hesabu.kazi.lan hukatwa ikawa hesabu. Sehemu pekee inayozitofautisha seva zako ndiyo inayotupwa. Ukitumia herufi kubwa, `\H`, jina zima litaonekana. Una bahati kwamba `hostname` inakupa jina refu. Ingekuwa inatoa "hesabu" tupu kwenye seva zote mbili, `\H` isingekusaidia kitu. Ingebidi kwanza ubadilishe jina la mashine kwa `hostnamectl set-hostname` na kulirekebisha kwenye `/etc/hosts` pia, la sivyo sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, ingeanza kulalamika kila mara kwamba hailipati jina hilo.

Je, jina zima latosha? Kwa maoni yangu, hapana. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa programu za watu, alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata ya akiba iliyokuwa imekataa kunakili data kutoka ile kuu. Akafuta folda ya data akiamini yuko db2, seva ya akiba. Alikuwa db1, ile kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akaikatiza amri, lakini kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Nakala iliyowaokoa ilikuwa ya saa 6 kabla, na kilichoandikwa katika saa hizo kwenye hifadhidata hakikurudi. GitLab walilieleza tukio lote hadharani, na katika orodha yao ya mambo ya kurekebisha limo moja linalokuhusu wewe moja kwa moja: kubadilisha PS1 kwenye mashine zote ili seva na mazingira yake vitofautishwe waziwazi. Angalia kwamba majina ya mashine zao yalikuwa yanatofautiana tayari, kwa tarakimu moja. Jicho lililochoka halisomi tarakimu.

Kwa hiyo nakushauri uweke neno zima, kwa herufi kubwa, mwanzoni kabisa mwa prompti: WANACHAMA kwenye seva moja, MAJARIBIO kwenye nyingine. Rangi iwe nyuma ya neno hilo, si badala yake. Nyekundu na kijani ndiyo jozi inayowachanganya watu wengi wasioona rangi vizuri, na pengine wenye tatizo hilo hawajui kama wanalo. Tena rangi huzoeleka. Wiki ya kwanza itakushtua, baada ya miezi michache hutaiona. Neno lenye maana unayoijali huchelewa zaidi kuzoeleka.

Sasa tuje kwenye mstari unaojifunika.

Bash yenyewe haishughuliki na kusoma unachoandika. Kazi hiyo imeachiwa maktaba iitwayo Readline. Hiyo ndiyo inayokuwezesha kurudi nyuma kurekebisha herufi, kuita amri za zamani kwa mshale wa juu, kukamilisha jina la faili kwa Tab. Ili ifanye hayo yote, lazima wakati wote ijue kishale kiko safu ya ngapi, na haiwezi kujua hilo bila kujua prompti imekula safu ngapi. Readline haioni skrini. Inachofanya ni kuhesabu herufi za prompti na kuamini hesabu yake.

Na rangi ni herufi vilevile. Tangu enzi za terminali kama VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, programu huipa terminali maagizo kwa kuitumia mfuatano wa herufi unaoanza na Esc. Terminali ikiuona, haiuchapi. Huutii na kuumeza. `\e[31m` katika mstari wako ni herufi 5: Esc, mabano ya mraba, 3, 1 na m. `\e[0m` inayorudisha rangi ya kawaida ni 4. Jumla 9, zote zimemezwa, hakuna hata moja iliyoonekana. Lakini Readline imezihesabu. `fundi@hesabu:~$` pamoja na nafasi yake huchukua safu 16 kwenye skrini. Readline inaamini ni 25. Kwenye dirisha lenye safu 80, wewe una safu 64 za kuandikia, yenyewe inadhani una 55. Ukizivuka hizo 55, Readline inajiona imekwisha kushuka mstari wa pili wakati kishale bado kiko kwenye wa kwanza. Tangu hapo kila agizo inalotoa la kusogeza, kufuta au kuchora upya linatua mahali pasipo pake.

Mshale wa juu ndio unaoumbua zaidi, na sababu yake ni kwamba Readline ina ubahili: ikitoka amri moja kwenda nyingine haifuti yote na kuandika upya, hubadilisha zile sehemu zilizotofautiana tu. Hesabu ya safu ikishakuwa ya uongo, unabaki na kichwa cha amri moja na mkia wa nyingine. Amri yenyewe haijaharibika, maana iliyomo kwenye kumbukumbu ni sahihi; kinachodanganya ni skrini. Lakini wewe unabonyeza Enter kwa kile unachokisoma, na kwa seva yenye akiba za watu sioni kama hilo ni tatizo la urembo. Mpaka uwe umerekebisha, ukiona mabaki ya namna hiyo usibonyeze Enter kwa kubahatisha. Bonyeza Ctrl+C, uandike amri upya.

Tiba ni kuiambia Readline ni herufi zipi isizihesabu. Alama ni `\[` kufungua na `\]` kufunga. Kila agizo la rangi lifungiwe humo:

```
PS1='\[\e[1;37;41m\] WANACHAMA \[\e[0m\] \u@\H:\w\n\$ '
```

Huo ni wa seva ya wanachama: 41 ni mandharinyuma mekundu, 37 ni maandishi meupe, 1 ni wino mzito. Wa majaribio ni huu, maandishi meusi juu ya kijani:

```
PS1='\[\e[30;42m\] MAJARIBIO \[\e[0m\] \u@\H:\w\n\$ '
```

Zingatia kwamba neno WANACHAMA liko nje ya mabano hayo. Kuna watu wakishajua siri hii huyafungia mpaka maandishi yanayoonekana, halafu hesabu inakosewa kwa upande wa pili: sasa Readline inadhani prompti ni fupi kuliko ilivyo, na vurugu inarudi kwa sura nyingine. Ndani ya mabano iingie ile mifuatano isiyoonekana peke yake. Na ukija siku moja kutengeneza rangi kwa kutumia funksheni inayoitwa ndani ya PS1, `\[` haitafanya kazi katika matokeo ya funksheni hiyo, kwa sababu Bash huwa imekwisha kutafsiri vifupisho kabla ya kuiita, huko hutumika herufi halisi zinazowakilishwa na mabano hayo, `\001` na `\002`.

Nimeongeza `\n` kabla ya alama ya dola, yaani amri utaiandika kwenye mstari wa chini yake. Lebo pamoja na jina refu la mashine na folda vinaweza kula nusu ya skrini, na msimamizi asiyekuwa na nafasi ya kuandika huanza kufupisha prompti, mwisho anaondoa kile kilichokuwa kinamlinda. Wapo wasiopenda prompti ya mistari miwili. Kama wewe ni mmoja wao, ondoa `\n` na uweke `PROMPT_DIRTRIM=2` juu yake, ili Bash ionyeshe folda mbili za mwisho tu za njia ndefu. Emoji usiziweke. Terminali moja huipa emoji safu mbili, nyingine moja, na utarudi palepale kwenye hesabu za uongo.

Ule mstari wako una makosa mengine mawili ambayo bado hayajakuuma. Kwanza ni nukuu mbili (`"`). Ndani ya nukuu mbili, `\$` hubadilika kuwa `$` tupu kabla hata haijaingia kwenye PS1. Kifupisho `\$` kina kazi maalumu: huonyesha `$` kwa mtumiaji wa kawaida na `#` kwa root. Ungeunakili mstari huo kama ulivyo kwenye faili la root, ungepoteza ile `#`, na ungefanya kazi ukiwa na mamlaka yote ya seva huku prompti ikikuonyesha kuwa ni mtu wa kawaida. Nukuu moja (`'`) huacha kila kitu kilivyo mpaka wakati wa kuchapa prompti. Hilo linahusu pia watu wanaoweka amri ndani ya prompti kwa `$(...)`: kwa nukuu mbili hutekelezwa mara moja tu faili linaposomwa, kisha jibu lake linaganda. Ukiona saa au tawi la git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) lisilobadilika kwenye prompti ya mtu, kagua nukuu.

La pili ni `export`. PS1 ni ya sheli inayokuandikia prompti, haina sababu ya kurithishwa kwa programu nyingine. Ukii-export, siku utakapoandika `sh`, ambayo kwenye Ubuntu ni sheli nyingine iitwayo dash isiyovijua vifupisho vya Bash, utaona `\e[31m\u@\h:\w$ \e[0m` imechapwa hivyohivyo kama ilivyo. Haidhuru, inatisha tu. Liondoe neno hilo.

Kuhusu root, rangi inapotea kwa sababu root ana faili lake, `/root/.bashrc`, na Bash inayoanzishwa kwa jina lake husoma hilo, ambalo kwenye Ubuntu hujiwekea PS1 yake. Hakuna kilichoharibika. Weka mstari uleule mwishoni mwa faili hilo pia, maana root ndiye hasa unayemhitaji ajue yuko wapi. Kama mko wasimamizi wawili watatu, kila mmoja auweke kwenye lake. Watu hupenda kuweka PS1 kwenye `/etc/bash.bashrc` wakidhani itawafikia wote kwa mpigo. Inawafikia kweli, lakini `.bashrc` ya kila mtumiaji inasomwa baada yake, na ile inayokuja na Ubuntu huandika PS1 upya juu ya yako. Kwa sababu hiyohiyo mstari wako ukae chini kabisa ya faili, baada ya kile kipande cha Ubuntu kinachopanga rangi na kichwa cha dirisha. Kwa watumiaji watakaoongezwa baadaye, uweke kwenye `/etc/skel/.bashrc`, ambako akaunti mpya hunakiliwa mafaili yake.

Sasa hofu ya mwenzako. PS1 ni maandishi tu. Ukikosea, utapata prompti mbaya, hata prompti tupu isiyo na herufi, lakini seva itaendelea kukupokea na kutii amri. Hata kosa la kisintaksia ndani ya `.bashrc` kwa kawaida huishia kwenye ujumbe wa kulalamika, kisha prompti inakuja. Hapo hana hoja. Ila faili lenyewe la `.bashrc` linaweza kuleta matata kwa njia nyingine. Neno `exit` likisahauliwa humo litakufukuza kila ukiingia. Na mstari wa `echo` wa kukaribisha watu, ukiwekwa juu kabisa ya faili, unaweza kuvuruga scp na rsync, programu za kunakili mafaili kati ya mashine, kwa sababu Bash inayoitwa na SSH kutekeleza amri moja nayo hulisoma faili hilo, na maneno ya karibu yakaingia katikati ya mazungumzo ya programu. Ubuntu imeweka kinga mwanzoni mwa faili, kipande kinachoanza na `case $- in`, ambacho hukatiza usomaji kama hakuna mtu anayeandika upande wa pili. Usikiguse, na mistari yako iwe chini yake.

Utaratibu salama ni mwepisi. Anza kwenye seva ya majaribio. Andika ule mstari wa PS1 moja kwa moja kwenye prompti, bila kugusa faili lolote. Mstari huo utafanya kazi papo hapo na utatoweka ukitoka kwenye seva. Jaribu amri ndefu kuliko upana wa dirisha, cheza na mshale wa juu, punguza na panua dirisha. Ukiridhika, nakili faili kwanza (`cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani`), ongeza mstari, kisha fungua muunganisho wa pili wa SSH ukiwa hujaufunga wa kwanza. Wa pili ukikataa, unarekebisha kupitia wa kwanza. Na kama umejifungia kweli na miunganisho yote imekwisha, kuna mlango wa uani, almradi mistari yako iko chini ya ile kinga:

```
ssh -t fundi@hesabu.kazi.lan bash --noprofile --norc
```

Utapokelewa na prompti ya Bash isiyosoma mafaili yoyote, kitu kama `bash-5.1$`, na hapo utalirudisha faili la zamani mahali pake.

Starship ni programu nzuri. Ninaona watu wengi wanaifurahia, kama wengine wanavyofurahia Oh My Zsh kwa upande wa Zsh, na kwenye laptopu yako sina pingamizi. Lakini tatizo lako ni kujua uko seva gani, na hilo limetatuliwa na mstari mmoja usiohitaji kusakinisha chochote. Programu za kupamba prompti hufanya kazi kila unapobonyeza Enter: zinachungulia folda, zinaiuliza git hali yake, zinatafuta toleo la lugha ya programu. Folda ikiwa kwenye diski ya mtandao iliyozidiwa, prompti nayo inasubiri, na inasubiri hasa siku ambayo seva inaumwa na wewe una haraka. Kuna na hatari isiyosemwa sana. Jina la tawi la git huruhusiwa kuwa na alama kama `$` na mabano. Prompti iliyoandikwa ovyo, inayolimwaga jina hilo ndani ya PS1 moja kwa moja, inaweza kulitekeleza kama amri pale unapoingia tu kwenye folda ya mradi uliopakuliwa. Hata skripti rasmi ya prompti inayokuja na git iliwahi kuwa na udhaifu huo kabla haujazibwa. Kwenye seva ya wanachama, kila programu isiyo na kazi ya lazima ni kitu kimoja zaidi cha kusasisha na kukitilia shaka.

Kama una hamu ya kuongeza kitu, ongeza vile vitakavyokusaidia kueleza kilichotokea. `$?` ndani ya PS1 yenye nukuu moja huonyesha namba ambayo amri iliyopita imetoka nayo: 0 ni salama, 127 ni amri isiyopatikana, 130 kwa kawaida ni Ctrl+C. `\A` huonyesha saa na dakika, lakini ujue ni saa ambayo prompti imechapwa, yaani amri iliyopita ilipomalizika. Ukitaka saa ambayo amri imeanza, Bash toleo la 4.4 na kuendelea ina PS0, ambayo huchapwa baada ya Enter na kabla ya utekelezaji: `PS0='[\t]\n'`. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Thibitisha kwa `timedatectl` kabla hujamwandikia meneja taarifa kwamba huduma ilikatika alfajiri.

Nikuambie pia mipaka ya haya yote. Prompti hukuarifu, haikushiki mkono. Siku utakayokuwa na dirisha nne wazi na simu sikioni, utaandika bila kuisoma. Kwa siku hiyo weka vizuizi halisi. Nywila yako ya sudo iwe tofauti kwenye seva hizo mbili, ili ukiandika ya majaribio kwenye seva ya wanachama ikukatae. Kwenye seva ya wanachama weka `Defaults timestamp_timeout=0` katika mipangilio ya sudo, iulize nywila kila mara badala ya kukukumbuka kwa dakika 15. Sakinisha `molly-guard`: ukiandika `reboot` au `shutdown` kupitia SSH, hukutaka kwanza uandike jina la mashine unayotaka kuizima. Haizuii kuzima huduma moja kama ulivyofanya wewe na hifadhidata, kwa hiyo usiitegemee zaidi ya kazi yake.

Mambo ya PS1 unaweza kuyafanya peke yako leo jioni. Mipangilio ya sudo ifanye ukiwa na mwenzako pembeni, kwa `visudo` na si kwa kihariri kingine, kwa maana kosa humo linaweza kumnyima sudo kila mtu. Vivyo hivyo kubadilisha jina la mashine: kama seva iko mbali na hamna njia ya kuifikia kwa konsoli, msubiri aliyeiweka, kwa sababu mfumo wa mikopo au vyeti vyake vya usalama vinaweza kuwa vimefungwa kwenye jina hilo.

Na kuhusu ile siku ya mkasa: hukuniambia ni hifadhidata gani. PostgreSQL na MySQL yenye InnoDB zimetengenezwa kuhimili kuzimwa katikati ya kazi, muamala usiokamilika hurudishwa nyuma. Programu iliyokuwa ikizungumza nayo je? Makato yaliyokuwa yakiingizwa kwa faili, malipo ya simu yaliyokuwa yakisubiri jibu, yanaweza kuwa yamekatika nusu bila hifadhidata kuona kosa lolote. Mwombe mhasibu wenu alinganishe miamala ya saa hiyo na taarifa za benki na za mtandao wa simu, na kama kuna tofauti hata ya shilingi mia, mwite aliyewatengenezea mfumo aje aikague akiwa hapo ofisini.